Kelele Isiyodai Kitu

Thika imeitwa Birmingham ya Kenya tangu zamani, na walioipa jina hilo walikuwa wakihesabu viwanda: vya nguo, vya ngozi, vya mafuta ya kupikia, vya mananasi ya mkebe, na kile cha kuunganisha malori na mabasi kilichoanza katika miaka ya 1970. Sidhani hata mmoja wao alikuwa na muziki akilini. Lakini mpenzi wa hevi metali akisikia Birmingham, wanaomjia kwanza ni vijana wanne wa mtaa wa Aston walioanzisha kundi mwaka 1968, wakalipa jina la Black Sabbath, na Februari 1970 wakatoa albamu iliyofungua mlango ambao wengine wote wamepitia. Mimi nimekulia Thika, sasa naishi Ruiru, na kadiri ninavyozidi kuupenda muziki huu ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba walioilinganisha miji hiyo miwili walisema zaidi ya walichokusudia.

Tony Iommi, mpiga gitaa wa kundi hilo, alikuwa na umri wa miaka 17 na kibarua katika kiwanda cha kukata na kukunja mabamba ya chuma. Siku yake ya mwisho kazini, aliyokuwa aage akaanze maisha ya muziki, aliwekwa kwenye mashine iliyokuwa ya mtu mwingine, nayo ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Iommi hutumia mkono wa kushoto kukwaruza nyuzi, kwa hiyo vidole hivyo vya kulia ndivyo vilivyokuwa vya kuzibonyeza. Madaktari walimwambia asahau gitaa. Msimamizi wake wa kiwandani akamletea santuri ya Django Reinhardt, fundi wa gitaa ambaye mkono wake uliungua akawa anategemea vidole viwili tu. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajiundia vikofia vya vidole, akavivika kipande cha ngozi. Akatafuta nyuzi nyembamba zaidi. Baada ya muda akaanza pia kuzilegeza ili zimpe nafuu, sauti ikashuka, ikawa nzito kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kutoka kwenye gitaa. Ule uzito ambao leo umeipa aina nzima ya muziki jina lake ulianza kama njia ya mtu aliyejeruhiwa ya kuendelea kushika chombo chake. Mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, naye alipitia kiwanda cha Lucas alikofanya kazi mama yake, na kazi aliyopewa ilikuwa kuzipima na kuzirekebisha honi za magari, moja baada ya nyingine, kutwa nzima. Huwa namfikiria nikiwa steji ya Githurai jioni, honi zikilia pande zote mbili za barabara.

Kwetu huku kelele haziishi. Kabla hakujapambazuka makanga ameshaanza kupiga kofi ubavu wa gari akiita Thika, Juja, Ruiru, na ndani ya gari besi imefunguliwa mpaka vioo vinatetemeka. Kanisa la mabati lina kesha, na spika zake zimeelekezwa nje, kwa walio nyumbani. Mhubiri wa stendi anakufuata hatua tano ukishuka. Gari dogo linapita polepole mtaani likirudia kwa kipaza sauti habari za dawa ya panya, mende na kunguni. King'ora cha kiwanda kinaita zamu. Msafara wa mgombea unapita na muziki wa kukodi. Ijumaa jioni eneo lote la Kamakis linanguruma. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilipata kanuni za kudhibiti kelele mwaka 2009, na mara moja moja husikika kwamba baa fulani imenyang'anywa mitambo yake, lakini tatizo ninalolisema halipimwi kwa desibeli. Kila kelele kati ya hizo inakuja kwako ikiwa imenyoosha mkono. Hii inataka nauli, ile sadaka, nyingine kura, nyingine mgongo wako kwa saa nane. Mtu anaweza kuishi kati ya Ruiru na Thika miaka hamsini asisikie sauti kubwa hata moja ambayo haimtaki kitu.

Hapo ndipo ninapotaka kuanzia kuisemea metali.

Baba yangu alifanya kazi ya presi katika kiwanda kimoja cha Thika, miaka mingi ya hiyo ikiwa shifti ya usiku. Alipostaafu masikio yake yalikuwa yamekwisha kwa upande wa sauti nyembamba. Hasikii simu ikilia, hasikii ndege, sauti za wajukuu humpotea, na akizungumza nawe hukugeuzia upande wa kulia na kuiangalia midomo yako. Hakulipwa chochote kwa ajili ya hilo, wala hakuna aliyewahi kumpima wakati ambapo kupimwa kungemfaa. Nyumbani tulizoea kupaza sauti, wageni wakadhani tunagombana.

Siku moja nilikuwa nyumbani kwake, mamangu ametoka, nikaunganisha simu na spika kubwa ya sebuleni nikaweka wimbo wa Black Sabbath uitwao "Iron Man". Nilidhani baba amelala. Akatoka chumbani na shati mkononi, akasimama katikati ya sebule, kisha akaenda kwenye spika akaiwekea kiganja juu, vidole vimetandazwa, kama fundi anayepima joto la injini. Nilinyoosha mkono nipunguze sauti, akanikataza kwa ishara. Alisikiliza kwa mkono mpaka wimbo ukaisha.

"Hiyo ni presi," akasema.

Nikamwambia ni gitaa na ngoma, ni Wazungu wa zamani. Hakujali. Akanieleza, kwa utulivu ambao ni nadra sana kuwa nao akizungumzia kazi, kwamba presi inaposhuka kuna pigo, halafu kuna nafasi ya kupumua, halafu pigo, na mtu mpya huumia kwa sababu pumzi yake inakwenda kinyume na mashine. Ukishaizoea unapumua nayo. Akaniomba niurudie wimbo. Mara ya pili akasema neno ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: "Tofauti ni kwamba ile yetu ilikuwa inahesabu. Kila pigo lilikuwa mkebe, na kila mkebe umeandikwa mahali. Hii haihesabu."

Nimesoma maelezo mengi ya wataalamu kuhusu kwa nini binadamu hupenda muziki mzito, na sijaona lililonifaa kuliko hilo la mzee aliyekwisha masikio. Hii ni sauti ya ukubwa ule ule wa mashine, inayotikisa mfupa ule ule wa kifua, ila imeachishwa kazi. Imefunguliwa kutoka kwenye hesabu. Unaruhusiwa kusimama mbele yake bila kuzalisha kitu, bila kutubu, bila kununua. Na mwili uliozoea kudaiwa na kila kelele hushtuka mara ya kwanza, hausadiki, unasubiri mkono unyooshwe. Wengi huondoka hapo hapo wakisema muziki huu hauna maana. Wako sahihi kwa kiasi fulani, kwa sababu hauwapi maana yoyote iliyokwisha kufungwa. Unawaachia nafasi.

Utaniambia tiketi ni pesa, na ni kweli. Ukishaingia, hata hivyo, hakuna anayekuuliza tena.

Tarehe 5 Julai 2025 Black Sabbath walipanda jukwaani kwa mara ya mwisho, katika uwanja wa mpira wa Villa Park, huko huko Aston walikokulia. Sisi tulikuwa Kihunguro, Ruiru, katika nyumba ya jamaa mwenye projekta, shuka jeupe limepigiliwa ukutani. Walikuja watu wa Juja na Kahawa Wendani, na wawili kutoka Thika ambao kwa sababu ya usafiri walijua watalala papo hapo. Matangazo ya mtandaoni yalicheleweshwa saa mbili, kwa hiyo kundi lenyewe lilitufikia Jumapili, usiku wa manane, baada ya saa nyingi za wengine: Metallica, Slayer, Pantera, Gojira, Guns N' Roses, wote wamekuja kulipa deni kwa nyimbo chache chache. Tulikuwa na wasiwasi na tokeni za umeme. Mtu mmoja alikuwa na zamu asubuhi na hakuthubutu kuitaja.

Ozzy alitokea ameketi kwenye kiti cheusi cha enzi. Ugonjwa wa Parkinson ulikuwa umemnyang'anya miguu, na alipotaka kusimama kwa nguvu ya wimbo ulimwona akijisukuma kwa mikono, mabega yakipanda, kisha kiti kikimrudisha. Macho yalikuwa yale yale. Wale wanne wa mwanzo hawakuwa wamepiga pamoja tangu 2005. Mpiga ngoma Bill Ward alikuwa amevua shati, mzee wa miaka 77, akipiga kama anayekamilisha jambo aliloliacha nusu. Walipiga nyimbo 4 tu. Mbele yao watu wapatao 40,000, wengi wao wazee, wengine wamewabeba wajukuu mabegani, waliimba kila neno, na sauti ya Ozzy ilipopungua wao waliijaza ikaendelea.

Katikati ya wimbo wa pili mlango wetu uligongwa. Alikuwa mama wa ghorofa ya juu, leso begani. "Vijana, mtoto amelala," akasema. Tulimwomba radhi, mwenye nyumba akakimbilia kupunguza sauti. Lakini mama hakuondoka. Alikuwa ameona shuka.

"Huyo mzee ni mgonjwa?"

"Ni mgonjwa, mama. Hawezi kutembea."

"Na nyinyi mnamfurahia hivyo hivyo?"

Mmoja wetu akamjibu kwamba leo anaaga, na wale watu wote wamekuja kumsaidia kuimba. Yule mama alisimama mlangoni, bega kwenye fremu, hadi wimbo ulipokwisha. Alipogeuka kuondoka alisema tuongeze kidogo, asikie kutoka juu.

Ozzy alifariki tarehe 22 Julai, siku 17 baadaye. Mapato ya tamasha lile yaliahidiwa utafiti wa Parkinson, hospitali ya watoto ya Birmingham na kituo cha kuwatunza watoto wenye maradhi yasiyopona. Lakini hata kama pesa zisingekwenda popote pazuri, ningeamini bado kwamba usiku ule tuliona uwanja ukitumika ipasavyo. Viwanja vyetu tunavijua kwa mechi, sherehe za kitaifa, mikutano ya injili na ya siasa. Katika yote hayo umati umeitwa ili upelekwe mahali: kwenye ushindi, kwenye wokovu, kwenye debe la kura. Villa Park umati haukupelekwa popote. Mzee aliyekuwa akifa alikaa mbele ya watu walioijua hali yake, na hakuna aliyejifanya atapona. Hakuna aliyemwombea muujiza kwa kipaza sauti. Walipiga kelele pamoja naye juu ya kitu kisichotatulika, na kelele hiyo ikawa adabu.

Hapa Kenya metali haijapewa uwanja. Imeishi kwenye baa, ua wa hoteli, kumbi za kukodi za Nairobi. Ililelewa kwa miaka kadhaa na kituo cha redio cha XFM, ambacho baadaye kilifungwa. Ikapata makundi yake, Parking Lot Grass, Last Year's Tragedy na mengine, yaliyopiga kwa bidii mbele ya watu mia mbili kana kwamba ni elfu ishirini. Edward Banchs, Mmarekani aliyezunguka bara hili akiwatafuta wapiga metali, mwaka 2016 alitoa kitabu kuwahusu, na Kenya imo pamoja na Botswana, Madagaska na kwingineko. Shabiki wa Thika anayekwenda Nairobi kuwasikiliza hukosa nyimbo mbili za mwisho, kwa sababu gari la mwisho halimsubiri. Nimezikosa nyingi.

Lakini nimeingia kwenye duara, na duara halihitaji uwanja. Ngoma ikifika mahali fulani umati hujifungua katikati wenyewe, na walio tayari huingia wakasukumana, wakagongana mabega, wakazunguka. Asiyejua akitazama kutoka kwenye kaunta huona vurugu. Aliye ndani hujua jambo moja kabla ya yote: ukianguka utainuliwa. Hutasubiri. Mikono minne itakushika kwapa kabla goti halijatulia sakafuni, watu watageuza migongo wakufanyie ukuta, na mgeni ambaye dakika iliyopita alikugonga kifua atakuuliza kwa macho kama uko sawa. Niliwahi kumwona kijana katikati ya zogo lote hilo akiwa ameinua juu kiatu kimoja cha raba, cheupe, kamba zimefunguka. Alikuwa amekiokota miguuni. Alizunguka nacho, mkono wima, huku akisukumwa kila upande, mpaka msichana wa soksi moja akakifikia. Hawakuambiana kitu. Msichana alikivaa akiwa ameegemea bega la mtu wa tatu ambaye naye hakumjua.

Maneno ya nyimbo zenyewe mara nyingi huyapati. Mwimbaji ananguruma, na hata anayekijua Kiingereza chake hapati nusu. Kwa muda mrefu hilo lilinisumbua: inakuwaje nitikiswe na jambo nisilolisikia? Jibu lililonituliza nililipata kwa Imamu al-Ghazali, ambaye katika *Ihya Ulum al-Din* aliweka kitabu kizima juu ya usikilizaji na hali zinazompata msikilizaji. Anafundisha kwamba sauti huamsha kile ambacho tayari kimo moyoni, haipandi kisichokuwemo. Mwenye shauku ya Mola huamshiwa shauku hiyo, mwenye tamaa huamshiwa tamaa yake. Nikiichukua hekima hiyo mpaka kwenye ukumbi wa Nairobi, naelewa kwa nini watu wawili hutoka kwenye tamasha moja mmoja amelia na mwingine anacheka. Kilichoinuka kwao kilikuwa chao tangu walipoingia. Muziki wenye maneno mepesi, ya mapenzi au ya kusifu tajiri, hukuelekeza uinue nini. Mngurumo hauelekezi. Mimi, nikiwa ndani ya duara, nimemkuta baba yangu mara nyingi, na presi, na hasira kwa niaba yake ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuionyesha.

Ndiyo maana siwadharau wanaouogopa muziki huu. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini, ikiongozwa na askofu mkuu wa Kanisa Katoliki, na sisi tuliokuwa watoto miaka hiyo tulikulia katika hofu iliyoizunguka. Fulana nyeusi yenye fuvu ilitosha kumfanya mama mzazi aite maombi. Wazazi wale walikuwa wamesikia jambo la kweli: ndani ya muziki huu kuna giza. Walipokosea, kwa maoni yangu, ni kudhani kwamba linaletwa na muziki. Giza tunaingia nalo mlangoni, kila mtu na lake, na ukumbi ni mahali ambapo kwa saa chache hatulazimiki kulificha. Jumamosi nikipita karibu na kanisa la Wakorino, vilemba vyeupe vikiinuka na kushuka na ngoma zikipigwa mpaka vumbi, naona watu wanaolijua jambo hili vizuri kuliko wengi: kwamba kuna uzito ambao haubebeki kwa sauti ndogo.

Siku mbili baada ya usiku ule wa Kihunguro ilikuwa Saba Saba, siku ya kukumbuka harakati za kudai demokrasia. Tarehe 25 Juni nchi ilikuwa imewakumbuka waliouawa mwaka mmoja nyuma katika maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha, na wengine wakauawa katika kuwakumbuka. Jumatatu ya Julai 7 polisi walifunga barabara kuu za kuingia Nairobi, Barabara ya Thika ikiwamo, ile ile ya njia nane iliyozinduliwa mwaka 2012 kwa fahari kubwa. Watu walitembea kwa miguu juu ya lami tupu. Kabla ya siku chache kupita, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu waliokufa zaidi ya 30.

Rafiki yangu mmoja, aliyekuwa nasi mbele ya shuka, alinipigia simu Jumanne akiwa na uchungu. Aliniuliza tulikuwa tukifanya nini, watu wazima, tukimlilia Mwingereza tajiri wakati vijana wa rika letu wanazikwa. Nililichukua swali lake kwa uzito wake wote na bado nalichukua. Muziki haukumkinga mtu yeyote Jumatatu ile. Duara halizuii risasi, na anayesema metali itaikomboa nchi anaidai kazi isiyo yake. Ataifanya iwe kelele nyingine yenye mkono ulionyooshwa. Nilichoweza kumwambia ni kwamba mimi, Jumatatu, nilipoona kwenye simu picha ya mtu ameanguka barabarani na wenye sare wakimruka, mwili wangu ulikataa kabla akili haijasema neno. Mwili umefundishwa mahali fulani kwamba mtu akianguka huinuliwa. Wengine wamefundishwa hilo msikitini, kanisani au kwa mama zao. Mimi sehemu kubwa nimefundishwa gizani, kati ya mabega ya watu nisiowajua. Hakujibu, lakini hakukata simu.

Na kuna mngurumo mwingine ambao ni wetu kabisa. Martin Khanja, anayejulikana jukwaani kama Lord Spikeheart, alivuma nje ya nchi kwa kundi la watu wawili liitwalo Duma, ambalo albamu yake ilitolewa Kampala na Nyege Nyege Tapes mwaka 2020. Mwaka 2024 alitoa albamu yake mwenyewe, *The Adept*, na katika kuizungumzia amemtaja kwa heshima nyanya-mkuu wake, Muthoni wa Kirima, mwanamke wa Mau Mau aliyefikia cheo cha fildi masho, aliyebaki msituni mpaka uhuru, na aliyezifuga nywele zake za msituni hadi 2022 ndipo zikanyolewa. Muthoni alifariki Septemba 2023. Sisikii maneno mengi katika sauti ya kitukuu huyo. Nasikia koo likifanya kazi ambayo lugha iliachiwa miaka sitini ikashindwa kuimaliza: ardhi, msitu, ahadi za uhuru, wazee waliokufa wakisubiri kuitwa majina yao. Nchi iliyowaambia wapigania uhuru wake wasahau ilihitaji mtu wa kupiga ukelele ambao hauwezi kugeuzwa hotuba. Ningependa kumsikia mara moja bila kutazama saa ya gari la mwisho.

Uwanja wa Thika una nafasi. Umebeba mashabiki wa mpira na umati wa injili, na wapenzi wa mugithi wangeujaza kwa gitaa moja na mtu mmoja, jambo linaloonyesha kwamba watu wa huku hawajawahi kuwa na ugomvi na gitaa la umeme. Makundi tunayo. Mafundi wa mitambo wapo, maana wanaofunga besi za matatu zetu wanajua kulitikisa bati kuliko yeyote. Kinachokosekana ni mwenye kuthubutu kuomba kibali, na ofisa wa kukitoa bila kuuliza kama kuna mchungaji atakayefungua kwa sala. Nilimweleza baba yangu wazo hilo mwezi uliopita, nikiwa nimekaa upande wake wa kulia. Alitaka kujua spika zitawekwa wapi. Nikamwambia mbele, pande zote mbili za jukwaa.

"Basi niweke mbele," akasema. "Nyuma sitapata kitu."

"Mbele wanasukumana, baba."

"Si umesema wanainuana?"